Miaka Yangu ya Kungoja Ndege wa Maua

Walisema sitaweza. Naanza na hilo ili mjue mapema mnayemsikiliza ni nani. Walisema mtu aliyekaa miaka tisa ng'ambo ya ziwa, akila chakula cha kambi, hawezi kurudi kwetu Kalemie, upande wa Kongo, na kupata kazi. Nilipoipata, walisema kutunza bustani si kazi ya mwenye diploma. Na nilipotangaza mbele ya watu kwamba nitawarudisha ndege wa maua kwenye baraza ya nyumba ya wageni ya Mama Antoinette kabla mvua ya kwanza haijanyesha, hawakusema kitu. Walicheka tu.

Aliyecheka kuliko wote ni Papa Kasongo, fundi wa nguo aliyeweka cherehani yake kando ya lango la nyumba hiyo, uso kuelekea barabarani.

"Agronomu," akaniambia kwa Kiswahili cha mtaani kwetu, ambamo njo ni ndiyo, "ile diplome yako njo ya kupikia ndege chai?"

"Si chai. Ni maji na sukari."

"Bila majani?"

"Bila majani."

"Basi uko mupishi mubaya. Hata ndege atakukatalia."

Wateja wake wawili waliokuwa wanangoja suruali walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tangu siku hiyo jina langu likawa Agronomu, yaani bwana kilimo, na leo hii, nimestaafu, wajukuu wangu wananiita hivyo hivyo. Sijalikataa. Ni jina zuri na nililisomea.

Vijana, mimi nina diploma ya kilimo. Sisemi kwa kujisifu. Au tuseme ukweli: nasema kwa kujisifu, maana hakuna aliyenisaidia kuipata. Kule kambini nilifyatua matofali, nikaotesha miche ya mipapai ndani ya makopo ya maziwa, nikaiuza, na kwa hiyo nikajilipia ada, ambayo sisi huku tunaiita minerval, muhula baada ya muhula. Baba yangu alikuwa mvuvi wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, hakujua kusoma hata jina la mashua yake. Nilipovuka ziwa kurudi nyumbani, diploma ilikuwa ndani ya bahasha ya nailoni niliyoishonea kwenye koti, ili mashua ikizama, mimi na diploma tuonekane pamoja.

Kalemie haikunipokea kwa ngoma. Nilipita biro, yaani ofisi, moja baada ya nyingine. Katika kila biro walisoma diploma yangu, wakaisifu karatasi yake kwamba ni nzito, wakanirudishia. Mimi, mke wangu na watoto watatu tulilala sebuleni kwa shemeji yangu, na kila asubuhi ilibidi tukunje mikeka kabla wenye nyumba hawajaamka, ili waweze kupita. Mwanaume wa miaka arobaini na tano, mwenye diploma, anakunja mkeka kwa haraka kama mwizi. Kumbukeni hilo ninapoendelea.

Mama Antoinette alikuwa mjane mwenye nyumba ya wageni kwenye mteremko, pale ambapo ukikaa barazani unaona ziwa lote mpaka macho yanachoka. Mumewe alikuwa amepanda bustani upande wa baraza, na kila mwaka, kiangazi kilipokaribia kwisha, ndege wa maua walikuwa wakija kwa wingi. Wageni waliacha uma na kisu wakabaki kuwatazama. Halafu vita vikaja. Watu wakakata miti kuchoma makaa, mbuzi wakamaliza kilichobaki, mume akafariki, ndege wakaacha kuja. Alipoifungua nyumba tena, kulikuwa na vitanda vipya na vyandarua vipya, na nje ya baraza palikuwa na udongo mwekundu mtupu.

Nilikwenda kumwomba kazi. Hakuiangalia hata bahasha.

"Unajua ndege?" akaniuliza.

"Ninajua, Mama."

Ulikuwa uongo. Nilijua muhogo. Nilijua mahindi, nilijua ugonjwa wa migomba, nilijua udongo unaonata na udongo unaopitisha maji. Ndege nilijua wale wanaokula mbegu, na elimu yangu juu yao ilikuwa ni namna ya kuwafukuza.

"Basi sikia," akasema. "Sasa masika inaisha. Nakupa mpaka mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Ndege wa mume wangu wakirudi hapa, kazi ni yako, na kile chumba nyuma ya jiko utahamia na familia. Wasiporudi, utaniachia bustani, na utaenda."

Chumba. Mlango wa kufunga. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Kwa wale ambao hamkuwahi kumwangalia vizuri: ndege wa maua ni mdogo sana, ukimfumbata mkononi unabaki mdomo tu nje. Mdomo huo ni mwembamba na umepinda kama sindano ya kushonea magodoro. Anauingiza ndani ya ua na kufyonza utamu. Dume anang'aa. Ukimtazama hivi ni mweusi, akigeuka ni kijani, akigeuka tena ni rangi ya shaba, na kifuani ana ukanda wa zambarau. Kule Kigoma nilisikia wanawaita chozi. Sisi hapa ni ndege wa maua, na inatosha.

Sikuwa na kitu, kwa hiyo nilikopa. Jembe nilipewa na shemeji, ambaye nadhani alitaka nitoke sebuleni kwake upesi. Chupa sita ndogo za dawa nilizipata kwa muuguzi mmoja wa mtaani, akasema anazitaka zirudi zikiwa safi. Sukari nilikopa kwa Mama Feza, muuza ndagala aliyekuwa pia na gunia la sukari, kikombe kwa kikombe, naye alichora alama ya mkaa ukutani kwa kila kikombe. Na matawi mawili ya hibiski nyekundu nilikopeshwa na Papa Kasongo mwenyewe kutoka kwenye ua wa nyumba yake.

"Unanicheka halafu unanikopesha?" nikamwuliza.

"Nakukopesha njo nipate kucheka vizuri," akasema. "Lakini matawi nayataka. Mawili yangu, mawili yarudi."

Sasa niwape ufundi, maana naona wengine wenu mnataka kufanya kazi hii, na wengine mnaifanya vibaya. Kikombe kimoja cha sukari, vikombe vinne vya maji. Chemsha, acha ipoe kabisa. Usitie asali, inaota ukungu. Usitie rangi. Toboa kifuniko cha chupa kwa msumari mwembamba, ining'inize ikiwa imeinama kidogo, na weka kijiti cha kutulia karibu na mdomo wa chupa. Kijiti ni muhimu. Miaka mingi baadaye mgeni mmoja aliniletea chombo chekundu cha plastiki kutoka nchi za mbali, kizuri kama pambo la harusi, kisicho na mahali pa kutua. Alinieleza kwamba huko kwao kuna ndege wadogo wanaokunywa wakiwa hewani, mabawa yakitetemeka, na kwamba wao pia husafiri mbali na watu hukaa uani kuwangoja warudi. Nilifurahi kusikia kwamba kuna wenzangu. Lakini ndege wetu anapenda kukaa anapokunywa, kama mtu mwenye adabu. Nilifunga kijiti kwenye kile chombo, na siku hiyo hiyo kikatumika.

Jingine: badilisha maji kila siku ya pili. Mimi sikujua. Kwa joto la huku, sukari yangu ya kwanza ilichachuka. Niligundua kwa sababu mlinzi wa mchana alianza kuwa na furaha isiyoeleweka, na chupa zilikuwa zinapungua ingawa hakuna ndege aliyeonekana. Nilipomwuliza alisema, "Papa, nilikuwa naonja kama iko sawa." Alionja chupa nne.

Wiki zikapita. Hibiski zilishika. Nilipanda pia shubiri mwitu niliyoichimba kwenye mawe ya mlimani, nayo ina uzuri wa kutoa maua mekundu wakati wa ukame. Chupa zilining'inia, zimeosheka, zimejaa. Hakuna ndege anayeng'aa aliyezitazama.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Sidonie, mpishi wa nyumba ile, mwanamke wa Mpala, mfupi, mwenye sauti ya kuita mashua. Hakuwa na cheti hata cha ubatizo, maana kilipotea. Siku moja alitoka jikoni na sufuria mkononi, akasimama nyuma yangu muda mrefu.

"Agronomu, ile ndege ilizaliwa na chupa?"

"Hapana, Mama."

"Sasa atajuaje kama kile kitu yako njo chakula? Yeye anajua ua la mugomba. Kwetu Mpala, ukitafuta yule ndege, unaenda kwenye migomba."

Akaingia nyuma ya jiko, akarudi na ua la mgomba, lile pembe la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Akabandua gamba moja, akalizungushia shingo ya chupa, akalifunga kwa kamba ya ndizi. Chupa ikawa imevaa. Akazifanyia zote sita hivyo hivyo, akarudi kwenye maharagwe yake. Hiyo ndiyo namna yetu mpaka leo. Ua linanyauka baada ya siku tatu, unabadilisha. Ndege akishajifunza, unaweza kuacha.

Siku ya pili yake wakaja ndege. Lakini hawakuwa wangu. Vilikuja videge vya rangi ya udongo, vya hovyo, visivyo na jambo lolote la kumwonyesha mgeni. Vilitua kwenye vijiti na kuanza kunywa sukari ya Mama Feza, ile yenye alama za mkaa ukutani. Nikaona hasira. Mimi ndege nimewajifunza kama wezi wa shamba, kwa hiyo nikafanya nilichosomea. Nikavipigia makofi. Nikavirushia mabonge ya udongo. Nikafunga mkebe wenye mawe kwenye kamba na kuivuta kutoka kivulini. Nilifanya kazi hiyo kwa bidii, asubuhi na alasiri, kwa zaidi ya mwezi mmoja.

Papa Kasongo, kila akisikia mkebe, alikuwa anaita kutoka langoni: "Agronomu! Unawaita ao unawafukuza?"

"Nawachagua!" nikamjibu.

Wakati huo huo nilikuwa nafanya uchunguzi. Hili lilinishika mwenyewe, hakuna aliyenituma. Nilitaka kujua wale wanaong'aa wanakwenda wapi. Ndege mwenye uzito wa karatasi chache anaondoka, halafu anarudi palepale, kwenye ua lilelile, kwa njia gani? Kila mgeni aliyelala pale nilimwuliza wakati wa chai. Aliyetoka Niemba kwa treni alisema amewaona, mwezi uliopita, kwenye maua ya shamba la maharagwe, lakini wachache, na hawang'ai sana. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi kutoka Kabalo alisema wamejaa huko, akaeleza rangi zao vizuri, akanywa chai yangu vikombe viwili, na nilipomwuliza ukubwa wao akaonyesha kitu kama kuku. Mama mmoja aliyekuja na mashua kutoka Mpala alinipa jibu la kufikirisha. Alisema wakati wa baridi ya kiangazi, ukipanda milima iliyo juu ya Mpala, kwenye mabonde yenye vijito ambako maua hayakauki, unawakuta wanang'aa kama misumari mipya.

Niliandika yote kwenye daftari. Nilianza kuelewa kwamba hawaendi mbali kama mbayuwayu. Wanayafuata maua, mlima na bonde. Lakini kwa nini wengine walisema wamewaona Niemba, chini, wakati huo huo? Sikulala vizuri kwa swali hilo, na nilikuwa na sababu nyingine za kutolala vizuri.

Sasa nifike kwenye kosa langu kubwa. Sisimizi. Walikuwa wanashuka kwenye kamba na kujaa ndani ya chupa. Mtu wa Kalemie akiwa na shida, huwa anafikiria mawese, mafuta yetu ya michikichi. Tunakaangia, tunajipaka, tunalainishia bawaba. Nikapaka mawese kwenye kamba zote, mekundu, mazito. Sisimizi wakakoma siku hiyo hiyo. Nikajipongeza kwa sauti. Nilimwambia hata Mama Sidonie kwamba hii haimo kitabuni, hii ni akili yangu.

Kesho yake, kabla ya saa nne asubuhi, kidege kimoja cha rangi ya udongo kilitua si kwenye kijiti bali kwenye kamba yenyewe. Kikateleza, kikajishika kwa kifua na mabawa, kisha kikaanza kujisafisha kwa mdomo na kuyasambaza yale mafuta mwili mzima. Kilipojaribu kuruka kilianguka chini ya hibiski na kubaki pale, manyoya yamegandamana kama brashi ya rangi isiyooshwa.

Nilikichukua. Nilitaka kukitupa nje ya ua, nawaambia ukweli. Mama Sidonie alinipokonya mkononi.

"Lete maji ya vuguvugu. Na sabuni, kidogo tu, usilete kipande chote."

Alikiosha kwa vidole viwili, kama anayeosha sikio la mtoto. Maji mekundu yakatoka. Akakiosha tena kwa maji matupu. Halafu akaacha ghafla.

"Agronomu. Wewe na macho yako ya diplome. Angalia hapa."

Nikainama. Mdomo: mwembamba, umepinda kama sindano ya magodoro. Nilikuwa nimewatupia ndege hawa mabonge ya udongo kwa zaidi ya mwezi na sijawahi kuangalia mdomo wao. Na pale kooni, katikati ya manyoya yale ya hovyo, kulikuwa na unyoya mmoja tu, mdogo kuliko punje ya mchele. Mama Sidonie alipokigeuza kuelekea dirishani, ule unyoya ukawaka kijani.

Halafu yeye akasema, polepole, kama anayesoma, "Huyu njo anavaa."

Vijana, nimesoma kurasa nyingi, lakini hakuna sentensi iliyonifundisha kuliko ile. Dume akimaliza msimu wake anavua nguo za kung'aa. Anakaa na koti la kazi, rangi ya udongo, hakuna anayemtazama. Msimu ukikaribia, anaanza kuvaa tena, unyoya mmoja mmoja. Ndio maana watu wa Niemba na watu wa Mpala walinipa majibu yasiyopatana. Wengine wanaondoka kweli, wanafuata maua milimani. Wengine hawaendi popote. Wako hapa hapa, na mimi nilikuwa nawafukuza kwa mkebe wa mawe.

Tulikikausha kidege ndani ya kikapu karibu na jiko, tukakipa maji ya sukari kwa tone la kijiko, na alasiri kikaruka. Nikakata kamba zote za mawese. Badala yake nilitengeneza kile ninachokitumia mpaka leo: kifuniko cha kopo kilichotobolewa katikati, kamba inapita humo, tundu linazibwa kwa nta, na kifuniko kinajazwa maji juu ya chupa. Sisimizi hawaogelei. Mkebe wa mawe niliuzika shimoni.

Lakini ndege hawakuja. Si wa kung'aa, si wa udongo. Mwezi mzima nilikuwa nimewafundisha kwamba bustani ile ni mahali pabaya, nao walikuwa wanafunzi wazuri. Moshi wa kuchoma pori ulianza kutanda milimani, jua likawa jekundu jioni, na kila mtu Kalemie anajua moshi huo ukianza, mvua haiko mbali. Shemeji aliniuliza, kwa upole, kama nimefikiria kwenda kutafuta kazi Kabalo. Mke wangu alikunja mikeka.

Nilimwendea Mama Antoinette na kumweleza kila kitu, pamoja na mkebe. Ningeweza kuficha. Lakini nilitaka mtu mwingine ajue jambo hilo la unyoya mmoja, lilikuwa limenijaa.

Alinisikiliza akiwa anahesabu mashuka.

"Kwa hiyo waliokuwepo, uliwapiga."

"Ndiyo, Mama."

"Na sasa hawako."

"Ndiyo, Mama."

"Na unasema mume wangu, miaka yote ile, alikuwa anangoja watu ambao tayari walikuwa wamekaa ndani."

"Baadhi yao, Mama."

Akaliweka shuka chini. "Mimi ninataka wa kung'aa, Agronomu. Tulisema mvua ya kwanza."

Siku ya kumi na moja nikiwa nimekaa bila kutikisika nyuma ya nguzo ya baraza, kimoja kilirudi. Rangi ya udongo, lakini kooni manyoya saba ya kijani. Niliyahesabu. Kilitua kwenye kijiti, kikatazama kushoto, kikatazama kulia, kikanywa. Sikupumua. Kesho yake kilikuja tena: kumi na mawili. Nikamwita Mama Antoinette. Alikuja amekunja uso, akasimama, akasema, "Ile? Ile imevaa nusu nguo." Akaondoka. Lakini siku iliyofuata alitoka mwenyewe kabla sijamwita, na kikombe chake cha chai.

"Leo?"

"Leo bado, Mama. Huja jua likifika ile nguzo."

Akavuta kiti. Siku ya nne alikuwa na miwani. Siku ya sita tulibishana kama ule wa kifuani ni zambarau au ni kivuli. Alikuwa ameacha kuulizia mvua, na mimi sikumkumbusha. Aliniuliza maswali mengi: manyoya ya zamani yanaangukia wapi? Mbona hatujaokota hata moja? Jike anamtambuaje akiwa amevaa vibaya? Tulitafuta chini ya hibiski, mimi na tajiri yangu, tumeinama wote wawili, na tukaokota moja, la kijivu, ambalo aliliweka ndani ya Biblia yake.

Halafu, asubuhi moja yenye upepo mkavu, wakashuka wengine. Hawakuja mmoja mmoja. Kwanza nilisikia sauti zao kali kwenye shubiri, kisha nikawaona, wamekwisha kuvaa, wanawaka, wanafukuzana kutoka chupa moja hadi nyingine. Wa milimani. Wageni wawili waliokuwa wanangoja boti waliacha mkate. Mama Sidonie alitoka jikoni na mwiko. Mama Antoinette hakusimama. Alibaki kwenye kiti chake, mkono mdomoni, na baada ya muda akasema bila kunitazama:

"Nenda kalete familia yako."

Mvua ya kwanza ilinyesha siku nne baadaye. Tuliisikia ikipiga bati kutoka ndani ya chumba chetu, mlango umefungwa.

Nilifanya kazi pale mpaka nilipostaafu mwaka juzi. Kila mwaka niliandika siku ambayo ndege wa milimani walifika. Daftari saba. Kuna mwaka walichelewa mpaka watu wakaanza kunong'ona juu yangu, kuna mwaka waliwahi kabla hata shubiri haijatoa maua, na sijui kwa nini, na hakuna aliyenipa jibu la kuniridhisha, hata vijana wanaokuja na simu zenye picha za kila ndege wa dunia. Ninyi mtafuteni jibu. Mimi nimewaachia tarehe.

Lakini mliniuliza ni siku gani nilijua kwamba nimeweza. Si ile asubuhi ya upepo. Ni siku moja baada ya masika iliyofuata, nilipowarudishia watu vitu vyao.

Nilivaa lile koti. Nilianza kwa shemeji: jembe, na mpini mpya niliouchonga mwenyewe. Nilikwenda kwa muuguzi: chupa sita, safi, akazinusa moja moja. Nilikwenda kwa Mama Feza na sukari yake, nikampimia kwa kikombe chake kilekile, na kwa kila kikombe alifuta alama moja ukutani kwa kitambaa chenye maji, mpaka ukuta ukabaki mweupe.

"Ukuta wangu ulikuwa umekuzoea," akasema. "Sasa nitaandika nani?"

Wa mwisho alikuwa Papa Kasongo. Nilimkuta langoni anashona kola. Nikaweka mbele yake miche ya hibiski, yenye mizizi, kwenye makopo. Minne.

Akaacha kukanyaga cherehani. "Nilikupatia mawili."

"Mawili ni yako. Mawili ni ya kicheko chako, nilikitumia sana."

Aliinua mche mmoja, akaugeuza, akatafuta kasoro kama anayekagua mshono wa fundi mwingine. Hakuipata.

"Agronomu. Watu wanasema ile ndege inabadilisha koti."

"Inabadilisha, Papa. Unyoya kwa unyoya. Inachukua wiki kadhaa."

"Bila kukaa uchi hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Alikuwa na miaka thelathini kwenye kazi ya nguo. "Na hakuna mahali unaona mushono?"

"Mimi sijauona. Nimeangalia sana."

Akatazama ua wa nyumba ya wageni, upande ule aliokuwa ameupa mgongo miaka yote. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini ili wateja wasisikie, mche huu upandwe wapi ili mtu aliyekaa auone vizuri. Nikachimba mashimo manne, upande wa uani, hatua mbili kutoka kwenye kiti chake. Nilipomaliza kumwagilia, alinyanyuka, akashika upande mmoja wa cherehani na kuniambia nishike mwingine. Ilikuwa ya chuma, nzito kama maiti. Tuliizungusha mpaka ikaelekea maua, na barabara ikabaki nyuma yake. Tangu siku hiyo, aliyetaka suruali kwa Papa Kasongo ilimbidi apige makofi mara mbili, tatu, ndipo fundi ageuke.